Je, Wajua? Gramafoni Ilifika Bonde la Ufa Kabla ya Spika za Umeme
Je, wajua kwamba santuri za Jimmie Rodgers, mwimbaji kutoka Marekani, zilisikilizwa na Wakipsigis wa Bonde la Ufa, Kenya, bila hata waya mmoja wa umeme? Gramafoni ilitiwa nguvu kwa kuzungusha mpini. Sindano ilifuata mifereji ya santuri, ikatikisa kiwambo chembamba, nayo pembe ikaikuza sauti hadi ikajaa uwanjani.

Rodgers alifariki mwaka 1933. Hata hivyo, mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alipofika Kapkatet, magharibi mwa Nakuru, aliwarekodi wasichana wakimwimba kwa jina la Chemirocha, anayesimuliwa kuwa nusu mtu, nusu paa. Ajabu iliyoje: sauti isiyo na mwili ilitafutiwa mwili!

Wakati huo, ng'ambo, spika ya umeme ilikuwa imeshakomaa. Mwaka 1925, Chester Rice na Edward Kellogg walieleza muundo wake: umeme hupita kwenye koili ya waya iliyo ndani ya uga wa sumaku, koili ikacheza na kuisukuma koni ya karatasi mbele na nyuma.

Spika zinazotikisa viti vya matatu mjini Nakuru leo hutumia kanuni iyo hiyo.