Wacha Kuhesabu Wati: Spika za Kitambo na Ampu ya Tyubu

Msee wangu, ukipata spika za mbao za enzi za guka zimerushwa kwa stoo, zimejaa vumbi hadi kitambaa cha mbele kimebadilisha rangi, usizipite. Na usikubali mtu azigeuze kuni. Spika mob za miaka ya 1960 na 1970 ziliundwa na watu walikuwa wanajua kazi: boksi nzito, sumaku ya nguvu, koni ya karatasi nyepesi. Kenye huwa kimekufa ni vitu vidogo tu, sponji ya pembeni, kapasita, waya. Zote zinatengenezeka, na mafundi wako hapa hapa Nairobi.

Sisi tumelelewa na mathree. Nganya ikipita kifua kinadunda, so tukazoea kuuliza swali moja tu: hiyo mashine ina wati ngapi? Kwa nganya hilo swali liko sawa, juu mangoma inapigana na injini, honi na kelele ya barabara. Lakini kejani, kwa chumba kimoja ama kwa sebule ya mathe, wati siyo mambo. Mambo ni spika na ampu kuelewana. Zikielewana, wati nane zinakutosha. Zikikataana, hata wati mia zitakuboo tu.

Tyubu ni nini hasa

Tyubu ni chupa ya glasi imenyonywa hewa yote. Ndani kuna kawaya kanapashwa moto hadi kanawaka rangi ya machungwa, alafu elektroni zinaruka kutoka hapo zikienda upande wa pili. Mwingereza John Ambrose Fleming alitoa ya kwanza 1904. Mmarekani Lee de Forest akaongeza kawavu hapo katikati 1906, na hako kawavu ndiko kaliwezesha kasauti kadogo kageuke kakubwa. Hadi transista itokee kwa maabara ya Bell Labs mwisho wa 1947, redio, sinema, gita za stima, kila kitu kilikuwa kinaongea kupitia hizi chupa.

Mbona watu bado wanazipenda? Ampu ya transista ikifika mwisho wa nguvu yake, inakata sauti ghafla, na masikio yanaumia. Tyubu ikizidiwa inalegea polepole, sauti inazidi kuwa nene bila kupasuka. Ndio maana kwa tyubu sauti ya mtu anaimba na gita kavu zinakaa ka watu wako nawe hapo ndani. Na usidhani ni kitu ya makumbusho. Tyubu mpya bado zinaundwa Slovakia, Urusi na China, so ikikufia unabadilisha.

Desibeli ndio rada

Hapa ndipo wasee wengi wanachomekea ganji. Kabla uulize wati, uliza spika ni ya desibeli ngapi, yaani ukiipatia wati moja na usimame mita moja, inatoa sauti kiasi gani. Kila ukiongeza desibeli tatu, ni ka umezidisha wati mara mbili.

Cheki hii hesabu. Spika ya desibeli 93 na ampu ya wati 10 zinatoa sauti sawa na spika ya desibeli 84 na ampu ya wati 80. Sasa ampu ya tyubu ya wati 80 ni nzito, ina moto, na bei yake itakufanya ukae chini. Ile ya wati 10 unaweza kuifikia.

Ndio maana spika za kitambo na tyubu ni mabeshte wa asili. Zamani wati zilikuwa ghali, so waundaji walilazimika kutoa spika zenye zinaitika haraka. Paul Klipsch wa Marekani alitoa Klipschorn 1946, boksi ya kona yenye honi, na inapita desibeli 100 kwa wati moja tu. Mwaka uliofuata Tannoy ya Uingereza ikaleta Dual Concentric, twita (ya sauti nyembamba) imekaa katikati ya wufa (ya besi). Lakini si kila spika ya kitambo iko hivyo. AR-3a ya Marekani ya 1967 ina besi safi sana kwa boksi ndogo, lakini ukinzani wake ni omu 4 na inakula nguvu vibaya. LS3/5A ya BBC, yenye iliundwa kwa kazi ya ndani ya magari ya matangazo, iko chini ya desibeli 84. Ni tamu kwa sauti ya mtu, lakini itakatoa jasho ka-ampu kadogo.

Sumaku zenye zilitoka Katanga

Kuna kitu ningependa kila msee wa Kiswahili ajue. Sumaku za spika nyingi za zamani zinaitwa alniko: aluminiamu, nikeli na kobalti. Kobalti mob ya dunia ilikuwa inachimbwa Katanga huko Kongo, kwa watu wenye wanaongea Kiswahili kila siku. Mei 1978, Katanga ikiwa inaitwa Shaba, vita ikaingia mji wa migodi wa Kolwezi, bei ya kobalti ikapaa, na makampuni kama JBL na Tannoy yakahama kwenda sumaku za feraiti. So ukishika spika ya alniko ya kabla ya hapo, kuna uwezekano mkubwa umeshika jasho la Mkatanga.

Na kutoka huko huko kwa migodi ndio lilitoka gita la Jean-Bosco Mwenda, mwenye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi 1952, na baadaye akaja kufanya kazi Nairobi. Vile alikuwa anachuna nyuzi kwa vidole iliwafunza wacheza gita wengi wa hapa kwetu. Madini na muziki vilisafiri njia tofauti, vikapatana kwa sebule.

Kuzifufua

Kwanza toa grili ucheki koni. Ka pembeni kuna sponji, iguse pole pole. Sponji ya poliyurethane huoza yenyewe baada ya miaka kumi, ishirini hivi, hata ka spika haijawahi kuchapa kitu. Unyevu ndio unaimaliza haraka, so spika ya Mombasa icheki mara mbili. Lakini usikimbie ukiona imemomonyoka, hiyo ndiyo njia ya kushusha bei. Fundi wa kurikoni atatoa gundi ya zamani, abandike sponji mpya ya saizi ile ile, na ahakikishe koni imekaa katikati. Ka pembeni ni raba ama kitambaa cha kukunjwa, una bahati, hizo hudumu.

Weka viganja viwili kwa koni ya wufa, isukume ndani kidogo, pande zote sawa. Ukiskia mkwaruzo, koili inagusa sumaku, na hiyo ni kazi kubwa. Alafu chukua multimita. Spika ya omu 8 inafaa kusoma karibu 6. Ikikataa kusoma kabisa, koili imeshakatika.

Ndani ya boksi kuna krosova, kenye kinagawa besi iende kwa wufa na kelele nyembamba iende kwa twita. Kapasita za zamani hapo hukauka, sauti inakuwa butu. Badilisha, lakini thamani ya maikrofaradi ibaki ile ile imeandikwa. Usiongeze ukidhani ndio kuboresha. Na ufanye spika zote mbili siku moja, ndio kushoto na kulia zifanane.

Mwisho, betri ya volti 1.5. Gusisha chanya kwa chanya ya wufa na hasi kwa hasi, kwa sekunde moja tu, na usijaribu hivyo kwa twita. Koni za pande zote mbili zinafaa kwenda upande mmoja. Moja ikitoka nje na ingine ikiingia ndani, waya zimepishana, na hiyo ndio sababu besi yako inapotea.

Kuzioanisha

Chagua spika kwanza, ampu ifuate. Ka spika yako imepita desibeli 95, kama Klipsch Heresy, ampu ya tyubu moja ya 300B kila upande, wati nane tu, inajaza chumba. Ka iko kwa 90 hivi, tafuta ampu yenye tyubu mbili za EL84 kila upande. Leak Stereo 20 ya Uingereza, ya 1958, ilikuwa hivyo. Ka iko chini ya hapo, ingia kwa EL34: Dynaco ST-70 ya Marekani ilitoka 1959 na wati 35 kila upande, na hadi leo mafundi wanaijua vizuri.

Nyuma ya ampu utapata mashimo yameandikwa 4, 8 na 16. Anza na yenye inalingana na omu za spika, alafu jaribu ya jirani. Skiza besi. Tyubu haishiki koni kwa nguvu ka transista, so wufa ikilegealegea, ile ya chini yake mara nyingi inaikaza.

Usicheze na hii

Ndani ya ampu ya tyubu kuna volti mia tatu hadi mia tano, na kapasita zinabaki na stima hata ukishachomoa plagi. Inaua. Ka hujafunzwa, usifungue, pelekea fundi mwenye anajua tyubu. Usiiwashe kamwe bila spika kuchomekwa, juu transifoma ya kutoa sauti inaweza kuungua. Na cheki sahani ya nyuma: ampu ya Japani ni volti 100, ya Marekani 120, na stima yetu ni 240. Bila transifoma ya kushusha, itaungua siku hiyo hiyo.

Mtihani wa kwanza

Zikishakuwa tayari, weka ngoma ya bendi ya Les Wanyika. Skiza besi ya Tom Malanga na gita la rithimu la Profesa Omari Shabani. Kila mmoja akiwa na pahali pake na hakuna mwenye anamfunika mwenzake, umeoanisha vizuri. Santuri nazo utazipata Kenyatta Market, watu hutoka majuu kuzisaka hapo.

So hii wikendi uliza shosh, uliza mzae wa ploti, uliza huko ocha. Spika ziko. Alafu tembea Luthuli na River Road umtafute fundi mwenye mvi, mpelekee kazi, mlipe poa, na uombe kukaa kando yake ukiangalia. Hao wazee ndio walibaki na huu ujuzi, na bila vijana kuushika, utaisha na wao. Ushike.