Nani anapanga bei ya kahawa yako?

Msikilizaji wetu mmoja wa Karagwe alituma ujumbe wakati wa kipindi cha asubuhi: "Kahawa ni ile ile, shamba ni lile lile. Kwa nini bei ya msimu huu si ya msimu uliopita? Nani anatupangia?" Muda wa hewani haukutosha kumjibu vizuri, kwa hiyo nimeandika hapa, tusome taratibu.

Jibu fupi ni kwamba wanaopanga ni wengi, na wengi wao hawajawahi kuuona mti wa kahawa. Tuwagawe katika makundi matatu.

Wafanyabiashara

Robusta, ambayo ndiyo wengi wetu Kagera tunalima, bei yake ya dunia husomwa London. Arabika, kama ile ya Kilimanjaro na Mbinga, husomwa New York. Kwenye masoko hayo watu huuziana mikataba ya kahawa ya miezi ijayo, wengine bila kushika hata gunia moja. Mnunuzi anapokuja kwenye mnada wetu ameshaiangalia bei hiyo kwenye simu. Anatoa usafiri, ukoboaji, tozo na faida yake, kisha ndipo anataja bei.

Robusta nyingi duniani inatoka Vietnam. Mwaka 2024, ukame ulipoibana nchi hiyo, bei ya London ilipita dola 5,000 kwa tani, yaani dola 5 kwa kilo. Lakini hiyo ni kahawa iliyokobolewa. Ukipima maganda, kumbuka kilo 2 hutoa karibu kilo 1 ya kahawa safi. Usilinganishe bei bila kujua ni kahawa ipi inayozungumzwa.

Wanasiasa

Mwaka 1962 nchi zinazolima na zinazonunua kahawa zilitia saini mkataba uliowezesha kila nchi kupangiwa kiasi cha kuuza nje, ili bei isianguke. Marekani iliuunga mkono kwa sababu zake: wakati ule wa vita baridi iliogopa kwamba wakulima wenye njaa wa Amerika ya Kusini wangeufuata ukomunisti. Julai 1989 mgao huo ulivunjika na bei ya dunia ikaporomoka. Muulize mzee yeyote aliyekuwa akipeleka kahawa chama cha msingi miaka ile, atakusimulia.

Mfano wa karibuni ni wa Agosti 2025. Marekani iliiwekea Brazil ushuru wa asilimia 50 kwa bidhaa nyingi, kahawa ikiwemo, na sababu mojawapo iliyotajwa ilikuwa kesi ya rais wa zamani wa Brazil, Jair Bolsonaro. Brazil ndiyo inayolima kahawa nyingi kuliko nchi zote, na Marekani ni mnunuzi wake mkubwa. Bei ya New York ikapanda. Novemba mwaka huo huo kahawa ikaondolewa kwenye ushuru huo, huku Wamarekani wakilalamikia bei ya vyakula. Katika yote hayo, hakuna mkulima aliyeongeza wala kupunguza mche hata mmoja.

Teknolojia

Hili la tatu ndilo linaloingia mpaka shambani kwako. Umoja wa Ulaya umetunga sheria inayokataza kuingiza kahawa, kakao, mawese, mpira, soya, mbao na mazao ya ng'ombe yaliyotoka kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya Desemba 31, 2020. Mwenye kampuni inayoingiza kahawa Ulaya lazima aonyeshe ilikolimwa. Kwa shamba lisilozidi hekta 4, yaani karibu ekari 10, inatosha alama moja ya mahali inayochukuliwa kwa GPS ya simu. Shamba kubwa zaidi huchorwa mipaka yake yote. Alama hizo zinaweza kulinganishwa na picha za setilaiti.

Tarehe ya kuanza imesogezwa mara mbili: kutoka Desemba 2024 hadi Desemba 2025, halafu hadi Desemba 2026 kwa kampuni kubwa na za kati. Usikae ukidhani itasogezwa tena. Kahawa yako inaweza kuwa nzuri kuliko zote, lakini kama shamba halijulikani lilipo, mnunuzi wa Ulaya hawezi kuipokea.

Sasa tufanye nini?

Bei ya London hatuwezi kuibadilisha. Yaliyo mikononi mwetu ni haya:

- Uliza AMCOS yako kama alama ya shamba lako imechukuliwa, na imeandikwa kwa jina la nani. Kama shamba ni la marehemu baba na mnalima ndugu watatu, malizeni hilo mapema.
- Kabla ya mnada, uliza bei ya London imesimamaje wiki hiyo. Ukiijua, utaelewa kama bei ya mnada imefuata soko.
- Epuka butura. Ukiuza kahawa ikiwa bado maua, bei ikipanda anayefaidi ni aliyekupa fedha. Wewe unabaki na deni na mti mtupu.

Una swali? Tuma kwa namba ile ile ya kipindi. Mtu wa Karagwe, asante kwa kutuanzishia.