Ligi Huanzia Kwenye Karatasi

Wanachuo wenzangu, mtu akisema "tuanzishe ligi", wengi tunawaza jezi, kombe na mgeni rasmi. Mimi ni mtoto wa Hanang, na kwetu pamoja na kwa jirani zetu wa Mbulu, mchezo ni mbio. Lakini maana ya ligi nimeipata kwenye mchezo wa mbali kabisa: hoki ya barafuni, yaani mpira wa magongo unaochezwa na watu waliovaa viatu vyenye vyuma chini, wakigombea kisahani kigumu cha mpira.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Amerika Kaskazini ilikuwa na ligi kubwa moja tu ya kulipwa, NHL, iliyoanzishwa Montreal mwaka 1917. Mikataba yake ilikuwa na kifungu kibaya: muda ukiisha, mchezaji bado ni mali ya klabu ileile. Sasa utadai nini wakati huna pa kwenda? Unachukua unachopewa.

Mwaka 1971 Wamarekani wawili, Gary Davidson na Dennis Murphy, wakaanzisha ligi ya kushindana nayo, World Hockey Association (WHA). Hawa hawakuwa mabingwa wa hoki. Davidson alikuwa mwanasheria, na miaka minne kabla walikuwa miongoni mwa walioanzisha ligi ya mpira wa kikapu ya ABA. Silaha yao ilikuwa karatasi: mikataba isiyo na kile kifungu.

Juni 1972 Bobby Hull, nyota wa Chicago, akasaini Winnipeg Jets na kupewa dola milioni 1 mkononi. Kesi zikafuata. Novemba mwaka huo jaji mmoja wa Philadelphia akazuia kifungu kile kisitumike kuwafunga wachezaji. Mishahara ikapanda, hata kwa waliobaki NHL.

Si kwamba mambo yalinyooka, la hasha. Timu ya Miami haikucheza hata mechi moja kwa kukosa ukumbi, ikahamishiwa Philadelphia. Huko nako, siku ya mechi ya kwanza ya nyumbani, barafu ikapasuka na mechi ikaahirishwa; mashabiki wakavurumisha uwanjani visahani walivyopewa kama zawadi! Timu nyingine zilihama, nyingine zikafa. Mwaka 1979 WHA ikafungwa, na timu zake 4 zikaingia NHL, mojawapo Edmonton Oilers.

Hapo Edmonton ndipo hadithi inapofika nyumbani. Agosti 1978, Gidamis Shahanga wa Hanang alishinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola katika mji huohuo wa Kanada. Novemba mwaka huohuo akaingia pale kijana wa miaka 17, Wayne Gretzky, kuichezea Oilers. NHL ilikuwa haichukui vijana wa umri ule. WHA ilikuwa inachukua. Mji mmoja, mwaka mmoja, vijana wawili wenye kipaji. Mmoja alikuwa na mkataba. Mwingine alipata medali ya dhahabu, kwani riadha ilikuwa bado mchezo wa ridhaa.

Kuwa na uwanja peke yake nako hakutoshi. Nairobi wana barafu kwenye Hoteli ya Panari tangu 2005, wana timu ya Ice Lions, na mwaka 2024 Kenya ikapokelewa kwenye shirikisho la dunia la hoki ya barafuni. Ligi ya kulipwa bado.

Kwetu wakimbiaji wapo tangu enzi za John Stephen Akhwari wa Mbulu, aliyemaliza marathoni ya Mexico 1968 na goti lililofungwa bandeji. Wengi wao wanaishi kwa kusubiri mbio moja moja, leo hapa, kesho kule. Ligi ingewapa vitu vitatu: ratiba inayojulikana, malipo yaliyoandikwa, na mkataba wenye mlango wa kutokea.

Vitu hivyo havihitaji miguu yenye kasi, vinahitaji kalamu. Davidson alisomea sheria. Wapo wanaoisomea hapa chuoni, na wengine wanasomea uhasibu na biashara. Kwa hiyo siku mtu akitangaza ligi mpya, usiulize kombe lina ukubwa gani. Omba kwanza uone mkataba wa mchezaji.