Wakfu wa Augsburg na Kodi ya Sala

Wapo wageni waingiao Augsburg, mji wa Bavaria, wakauzunguka mtaa wa Fuggerei kwa muda mfupi, kisha wakatoka wakinena kwamba wakazi wake ni mafakiri waliozungushiwa ukuta ili kulipamba jina la tajiri aliyekufa zamani. Na kauli hiyo, ijapokuwa ina chembe ya kweli, hutolewa na watu wasioziuliza desturi za humo.

Jakob Fugger, tajiri aliyewakopesha hata wafalme, aliuweka wakfu mtaa huo mwaka 1521 kwa ajili ya Wakatoliki wahitaji wa mji wake, na masharti yake, ijapokuwa mabomu ya Februari 1944 yalibomoa sehemu kubwa ya nyumba na ikabidi kujenga upya, yangali yakishikwa: kodi ya mwaka mzima ni gulda moja ya Rhine, ambayo kwa fedha za leo haitimii yuro moja, na kila siku mpangaji huwaombea mwasisi na jamaa zake kwa Baba Yetu, Salamu Maria na Nasadiki. Apangaye kwa masharti hayo halali kwa sadaka, bali analipa deni lake kwa ulimi wake mwenyewe, na staha yake imesitirika. Vishikio vya chuma vya kengele za milangoni havifanani, kimoja kina umbo la jani, kingine la tunda la msonobari, ili arudiye gizani, zama zile ambazo taa hazikuwapo, aujue mlango wake kwa kupapasa. Saa nne ya usiku lango hufungwa, naye achelewaye humpa bawabu nusu yuro, na baada ya saa sita yuro nzima, adabu iliyoje!



Lakini sisi watu wa pwani tuna hesabu yetu na mji huo. Akina Fugger na akina Welser wa Augsburg walitia mali katika msafara wa Mreno Francisco de Almeida wa mwaka 1505, ulioteka nyara Kilwa na kuichoma moto Mombasa, na wakala wa akina Welser, Balthasar Springer, alikuwamo merikebuni na akaiandika safari hiyo. Miaka 16 baadaye ukawekwa wakfu huu ninaousifu, nami siufuti wema wake. Ila sala zile tatu zamhusu mwasisi na jamaa zake, na waliochomewa nyumba Mombasa hawamo katika sharti.