Nyuki alivyomponza Cannavaro

NYUKI mmoja tu alitosha kumtia kashikashi nahodha aliyebeba Kombe la Dunia 2006.

Mwaka 2009 Fabio Cannavaro, beki wa Juventus, aliumwa na nyuki, akapewa dawa yenye kotisoni kutuliza mzio. Alipopimwa baada ya mechi, kotisoni ikaonekana. Klabu ilikuwa imeomba kibali cha matibabu, ila nyaraka hazikukamilika. Baadaye alisafishwa, lakini jina lilishatembea.

Wengi wakisikia steroidi wanafikiria kutunisha misuli. Hii siyo hiyo. Kotisoni na ndugu zake, prednisoloni na deksamethasoni, zinashusha uvimbe, mzio na pumu. Ni dawa halali ya cheti, ila kwa mchezaji ina masharti.

Pampu ya pumu na krimu ya ngozi, kwa dozi ya daktari, ruksa. Vidonge na sindano siku ya mechi, hapana, labda uwe na kibali. Tangu Januari 1, 2022, Shirika la Kupambana na Dawa Michezoni Duniani (WADA) limefunga hata sindano ya ndani ya goti. Vidonge vingi vinahitaji walau siku 3 kabla ya mechi. Triamsinoloni ya kuchomwa msulini? Siku 60! Straika akidungwa leo, miezi miwili inakatika.

Tena hapo hatujagusa afya. Sindano inaua maumivu, jeraha linabaki palepale. Mtu anakimbia dakika 90 juu ya goti bovu, akijiona amepona. Ikichomwa kwenye kano, inaweza kuilegeza mpaka ikakatika.

Mchezaji wa ndondo huenda asipimwe mkojo maisha yake yote, lakini mwili ni uleule. Akimeza prednisoloni kwa wiki kadhaa, mwili unapunguza kutengeneza kotisoli yake wenyewe. Akiacha ghafla kwa sababu amejisikia fiti, anaweza kuishiwa nguvu, presha ikashuka, hata kufa. Ndiyo maana daktari hupunguza dozi kidogokidogo. Kidonge cha kuazima kwa mchezaji mwenzake hakina ratiba hiyo.

Jina la dawa, dozi na tarehe aliyoanza viandikwe, abaki navyo. Akivunjika mguu Jumapili na kupelekwa chumba cha upasuaji, daktari wa zamu ataviulizia, maana huenda akahitaji kuongezewa dozi siku hiyo.