Intaneti ya Nyumbani Bila Soketi ya Simu

Nyumba nyingi zinazojengwa leo hazina soketi ya simu ya mezani. Mtahini akiuliza nyumba kama hiyo itapataje intaneti, usijibu "kwa Wi-Fi". Wi-Fi huunganisha simu au kompyuta yako na ruta iliyomo ndani. Swali linataka njia inayoifikisha intaneti kwenye ruta hiyo.

Njia mojawapo ni ruta inayotumia laini ya simu ya mkononi. Laini huchomekwa kwenye ruta, nayo hupokea mawimbi ya 4G kutoka mnarani. Iweke karibu na dirisha: ukuta wa zege na paa la bati hudhoofisha mawimbi, na kasi hushuka hata kama kifurushi ni kikubwa.

Njia nyingine ni faiba, yaani uzi mwembamba wa kioo unaosafirisha data kwa mwanga. Uzi huo huishia kwenye kifaa kiitwacho ONT, kinachogeuza mwanga kuwa ishara za umeme kwa ajili ya ruta. Wengi hukisahau, na pengine ndicho chenye alama. Tena, uzi wa kioo hauleti umeme kama ulivyofanya waya wa shaba wa simu ya mezani. Umeme ukikatika na huna betri ya akiba, ONT na ruta huzimika pamoja.