Mutoto Asiyeweza Kusoma Si Mujinga

Labda katika nyumba yako kuna mutoto kama huyu. Ukimutuma sokoni, analeta vitu vyote, na pesa iliyobaki ni sawasawa. Lakini ukimupa kitabu, anakuwa kama mutu aliyeingia katika nyumba ya giza. Neno alilolisoma juu ya ukurasa, akilikuta tena chini halijui.

Baba mumoja alileta kijana wa namna hii hospitalini kwetu. Kijana alikuwa na miaka 11, tena alikuwa amerudia kalasi ya tatu mara mbili. Mikono yake ilikuwa na alama za fimbo. Baba akasema: "Munganga, umupe dawa ya akili. Kama haiko, nitamutoa katika masomo, achunge mbuzi."

Tulipima macho yake, tukayakuta mazima. Masikio vilevile. Halafu nikamuuliza kijana: "Kikombe cha mahindi ni franka 500. Mama ananunua vikombe 7, anakupa franka 5.000. Utamurudishia ngapi?" Akajibu mara moja: "1.500." Baba yake alikuwa angali anahesabu kwa vidole.

Nikamwambia: "Baba, dawa ya akili hakuna, wala mutoto huyu hana lazima nayo."

Jina la shida hii ni disleksia. Si uvivu, wala si ujinga. Ubongo wa mutoto unapata taabu kuunganisha herufi na sauti zake. Mara nyingi shida hii inafuata jamaa: labda baba au mujomba alikuwa nayo, naye aliacha masomo kwa haya. Mwaka 1896 munganga mumoja wa Uingereza, jina lake Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka 14 aliyeitwa Percy. Alipoandika jina lake mwenyewe, aliandika "Precy," wala hakuona kosa. Lakini mwalimu wake alisema kwamba kama mafundisho yote yangekuwa kwa kinywa, Percy angewapita wote.

Kwetu Congo muzigo ni mara mbili. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyosemwa. Kifaransa si hivyo: neno "eau" lina herufi tatu, lakini sauti yake ni moja tu, "o." Mutoto aliyejikaza katika Kiswahili anaangushwa na Kifaransa. Tena, tangu masomo ya musingi ya serikali yalipofanywa bila malipo mwaka 2019, kalasi nyingi zimejaa sana. Mwalimu hawezi kumutambua kila mutoto. Ni kazi yako kwenda kumwambia.

Kwanza ulete mutoto hospitalini, tupime macho na masikio. Ujue pia kwamba kila mutoto anayeanza kusoma anaweza kuchanganya b na d, na mwenye njaa hasomi vema. Lakini kama amefundishwa miaka miwili kama wenzake na hasongi mbele, uende kwa mwalimu. Usiende na hasira. Umusalimu, umweleze namna mutoto anavyofanya nyumbani, kisha umuombe mambo haya:

1. Mutoto akae mbele, karibu na ubao.
2. Aulizwe kwa kinywa, na jibu lake lihesabiwe.
3. Katika mutihani asomewe maulizo, aongezewe dakika.
4. Asilazimishwe kusoma mbele ya wenzake bila kujitayarisha.
5. Asipigwe wala kuchekwa kwa sababu ya kusoma.

Mwalimu akikataa, usigombane naye. Uende kwa mukubwa wa masomo pamoja na mutu mumoja wa komite ya wazazi.

Nyumbani umufundishe dakika 15 kila siku, si zaidi. Anza na sauti: ba, be, bi, bo, bu. Aziandike kwa kidole katika muchanga na kuzisema kwa kinywa. Neno refu alikate vipande: ki-ta-bu. Kama wewe hujui kusoma, dada yake amusaidie.

Na mutu akikuambia kwamba mutoto huyu ni mulozi, usimusikilize. Sheria ya Congo ya tarehe 10 Januari 2009 inaazibu mutu anayeshitaki mutoto kwa uchawi. Kuomba Mungu ni vema. Lakini ukiisha kuomba, vaa viatu, uende kwa mwalimu.

Yule baba alikwenda. Mwalimu alicheka, lakini mukubwa wa masomo alisikia. Kijana anasoma polepole hata leo, kwa maana disleksia haiondoki. Lakini sasa yuko katika kalasi ya tano, na mbuzi anawachunga jioni.

Wewe nawe, usingoje karatasi ya alama ya mwisho wa mwaka. Uende juma hili.